Likizo ya Mkono wa Chelangat

Nyinyi vijana mnaofundisha sofboli ya wasichana mmenisumbua sana na swali moja. Kila tukikutana mnaniuliza ni mazoezi gani yanayompa msichana mkono wa kurusha. Mnafikiri mzee ana dawa fulani amefungia kwenye sanduku. Basi leo nawajibu, ila sitawaambia habari za mazoezi. Nitawaambia habari ya ile miezi ambayo mrushaji hatakiwi kushika mpira hata kidogo, kwa sababu hapo ndipo mimi niliharibu, na niliyemharibia yuko hai mpaka leo.

Wengi wenu hamjui hata huu mchezo ulitufikiaje. Shule yetu ilikuwa chini ya Kericho, imezungukwa na chai pande tatu. Upande wa nne ndio walikaa wenyeji na ng'ombe wao, mahindi, na vipande vyao vidogo vya chai. Mimi si wa huko. Nimetoka milima ya Kisii, nikapelekwa pale kufundisha miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, kijana mwenye suti moja. Mpira wenyewe uliletwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Amerika, tukimwita Misi Doroti. Alikuwa mrefu, mcheshi, na alikunywa chai bila maziwa. Wazazi walipoiona hiyo chai walimhurumia sana. Walisema maskini, mama wa watu hana hata ng'ombe mmoja, wakaanza kumletea maziwa mpaka akakosa pa kuyaweka.

Alikuja na gunia lenye marungu mawili ya kupigia mpira, glavu tisa na mipira sita. Hedimasta alipoyaona yale marungu alikataa kabisa, akasema hawezi kuwapa wasichana silaha halafu aende kulala. Tulimbembeleza wiki nzima. Besi zetu, vile vituo vya kukimbilia, zilikuwa magunia yaliyojazwa mchanga. Na kwa kuwa chai ilikuwa pande tatu, mpira ukipigwa mbali ulizama humo, timu nzima ikaingia chini ya miti kutambaa, na nyapara wa mashamba akaja mbio akisema tunamvunjia machipukizi. Mwisho tuliweka sheria yetu: anayepiga mpira ukaingia kwenye chai, ametoka. Misi Doroti alilalamika kwamba kwao hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Nikamwambia kwenu hakuna nyapara.

Sasa, nyinyi mnajua kurusha kwenyewe. Mpira hurushwa kutoka chini. Mkono unatoka kwenye nyonga, unapita juu ya kichwa, unashuka, unamaliza duara zima, na mpira unaachiliwa karibu na paja. Ukiangalia haraka unaona ni kitu chepesi, mtoto anacheza tu. Usidanganyike. Bega ndilo linalolipa yote hayo, na bega la msichana wa miaka kumi na minne bado linakua.

Chelangat alikuwa darasa la tano. Mdogo wa mwili, mikono mirefu, maneno machache. Mama yake, ambaye sisi sote tulimwita Mama Chelangat, alikaa ng'ambo tu ya ua wa shule. Siku ya kwanza Misi Doroti alimpa mpira, akamwonyesha mara tatu, kisha mimi nikachuchumaa nyuma na glavu. Mpira ulinigonga kiganja mpaka nikasikia hadi kwenye kiwiko. Nikamwangalia. Yeye alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, hana habari.

Kwa miaka miwili hakuna shule iliyotufunga. Tulikuwa shule nne tu zilizocheza, sitatia chumvi, lakini hizo tatu zilituogopa. Misi Doroti alikuwa mkali juu ya jambo moja. Kila mazoezi aliniwekea punje za mahindi kwenye mfuko wa kushoto, arobaini kamili. Kila Chelangat akirusha, punje moja inahamia mfuko wa kulia. Punje zikiisha, mazoezi yameisha, hata kama mtoto anaomba kuendelea. Wakati mwingine kuku wa hedimasta walinifuata uwanja mzima.

Muda wa Misi Doroti kwetu ulipoisha, alinikalisha kwenye ngazi za darasa. Akaniambia mashindano yakimalizika katikati ya mwaka, mrushaji asirushe tena mpaka shule zifunguliwe Januari. Akimbie, acheze kati na wenzake, ule mchezo wa kukwepa mpira, aruke kamba, afanye lolote lingine, lakini lile duara la mkono lilale. Aliliandika jambo hilo kwenye daftari langu la maandalizi ya masomo, akapiga mistari miwili chini yake. Nikasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa.

Moyoni nilikuwa nacheka. Nilijiambia hawa Wazungu wanapenda kupumzika hata kabla hawajachoka. Hapa kwetu msichana anakamua ng'ombe wawili kabla ya jua, anabeba debe la maji kutoka mtoni, anachuna chai na mama yake Jumamosi, halafu eti mpira wa kushika kwa vidole vitatu umchoshe? Hilo ndilo kosa letu watu wa milima hii, na bado mnalo, msinikatalie. Tunafikiri mtoto mwenye kazi nyingi nyumbani ana mkono wa chuma. Hatufikirii kwamba huo mkono umeshatumika kabla haujafika uwanjani.

Lakini hiyo siyo sababu ya kweli ya niliyoyafanya. Ingekuwa ujinga tu, ningelala vizuri.

Mke wangu, Kemunto, alifariki akijifungua, yeye na mtoto pamoja, mwaka mmoja kabla Misi Doroti hajaja. Walizikwa mbele ya nyumba niliyokuwa nimetujengea kwetu Kisii, hatua chache kutoka mlangoni. Nikienda nyumbani lazima nipite hapo kuingia na nipite hapo kutoka. Nilijaribu mara moja, Pasaka, nikakaa siku mbili. Tangu hapo kila shule zikifungwa nilimwambia hedimasta kwamba mimi nitabaki kulinda stoo. Alinishukuru sana. Alinisifu hata mbele ya walimu wenzangu, na mimi nikajitia unyenyekevu.

Hamjui shule ilivyo wanafunzi wakiondoka. Siku ya kufunga kuna kelele mpaka saa sita, masanduku ya bati, nyimbo, mtu amepoteza kiatu. Saa nane hakuna mtu. Walimu wenzangu wamefunga milango wamepanda basi. Mimi nimekaa mbele ya nyumba yangu nasikiliza honi ya kiwanda cha chai, na sauti za wachunaji zikitoka ndani ya mashamba bila kuwaona wenyewe. Mvua ikija alasiri inapiga mabati mpaka huwezi kusikia redio. Nilipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nikala wa mmoja, uliobaki nikampa mbwa wa jirani. Kulikuwa na wiki nilizotoka Jumatatu nikafika Alhamisi sijatumia sauti yangu. Nilikuwa nikienda dukani kununua kiberiti ili tu mwenye duka aniulize nimeamkaje. Likizo moja nilihesabu viberiti kumi na kimoja juu ya kabati. Nilikuwa mpweke, wanangu. Nasema hivyo waziwazi leo kwa sababu wakati ule sikuthubutu kulisema hata peke yangu.

Misi Doroti aliondoka Novemba. Wiki ya kwanza ya Desemba nilikuwa nimekaa hapo nje asubuhi, nikamwona Chelangat anavuka ua na kibuyu. Mama yake ameniletea mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye unga wa mkaa. Akaniamkia kwa heshima, akanipa, kisha hakuondoka. Alisimama tu anaangalia uwanja. Mimi nikafikiri nimeelewa. Nikamuuliza kama anataka kurusha kidogo. Akasema sawa, Mwalimu.

Nilifungua stoo kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima. Nilichuchumaa, akarusha, mpira ukapiga glavu, na ile sauti ikaenda mpaka kwenye miti ya chai ikarudi. Tulipumzika, akanieleza majina ya ng'ombe wao na tabia za kila mmoja. Yupo aliyekataa kukamuliwa na mtu aliyevaa nyekundu. Nilicheka mpaka nikajishangaa. Alipokuwa anaondoka nikamuuliza kama kesho atakuja, akasema atakuja.

Alikuja. Akaja na kesho yake. Alikuja Desemba nzima kasoro Krismasi, na Januari mpaka shule zilipofunguliwa. Na mimi kila siku nilimuuliza lile swali moja, kesho utakuja? Punje za mahindi nilizitumia siku nne za kwanza. Nikaona zinaisha haraka mno, jua bado liko chini, na zikiisha mtoto anaenda kwao. Nikaziacha nyumbani.

Siku moja nilitafuta kalamu kwenye droo nikakutana na lile daftari, limefunguka palepale penye mistari miwili. Nikalisoma. Nikalifunga, nikaweka vitabu vingine juu yake. Nataka mlisikie hilo vizuri kabla hamjaanza kunitetea. Sikusahau, wala sikukosa kuelewa. Nilijua, nikaendelea, kwa sababu saa mbili zile za asubuhi ndizo zilizonibeba siku nzima.

Dalili nilikuwa naziona. Katikati ya Desemba alianza kubeba kibuyu kwa mkono wa kushoto. Januari jua lilipokuwa kali alivua sweta, akaanza na mkono wa kushoto, akapitisha kichwa, kisha akalivuta likateleza kwenye mkono wa kulia bila kuuinua. Mtu yeyote mwenye macho angejua. Nilimuuliza, mkono uko sawa? Akasema uko sawa, Mwalimu. Nikalishika hilo jibu kwa mikono miwili, sikuuliza tena.

Mashindano yalipoanza alikuwa moto. Waliokuja kuchagua wasichana wa kwenda kucheza Nairobi walimtazama mara moja tu wakaandika jina lake. Chelangat hakuwa amewahi kuvuka Kericho mjini. Mama yake alimnunulia raba nyeupe, na kwa kuwa kwetu kuna tope mwaka mzima, mtoto alizivaa ndani ya nyumba tu. Baba yake, mtu asiyependa habari za shule, alianza kuwaeleza watu njiani kwamba binti yake anaitwa Nairobi. Shule moja ya sekondari ya wasichana ilikuwa imeuliza habari zake pia. Kwa familia ile, yale yote yalikaa kwenye bega moja.

Tulibakiza mechi moja kabla ya safari, dhidi ya shule ya Kedowa, Jumamosi. Ilikuwa mechi ya kirafiki tu, isiyo na maana yoyote. Kulikuwa na baridi na ukungu ulikuwa haujainuka. Chelangat alirusha wa kwanza, wa pili, na wa tatu ukamtoka juu kabisa, ukaenda kuangukia watazamaji. Watu wakacheka. Yeye alikuwa amesimama ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ameukumbatia kifuani kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Hakulia. Nilipomfikia alisema, "Samahani, Mwalimu." Yeye ndiye aliyeniomba msamaha mimi.

Tulimpeleka hospitali. Daktari aliubonyeza mkono, akauinua kidogo, akauliza huyu mtoto hufanya kazi gani. Nikasema hurusha mpira. Akauliza tangu lini umekuwa ukiuma. Chelangat akaangalia chini. Daktari alisema mishipa ya bega imelika siku nyingi, hili halikutokea leo, na kama angepumzishwa mapema mkono ungepona wenyewe. Ulipona nusu. Tangu siku ile mkono wake wa kulia haujapita usawa wa bega.

Basi la Nairobi liliondoka na msichana mwingine. Chelangat alikuja kumuaga mwenzake, amevaa zile raba. Mimi nilikuwa ndani ya stoo, nimejifungia, najifanya nahesabu glavu. Sekondari ile haikuuliza tena. Na Mama Chelangat hakunilaumu hata kwa jicho. Likizo iliyofuata aliendelea kuniletea mursik mwenyewe, anaweka kwenye ngazi, anabisha mlango, anaenda. Nilikuwa nakaa ndani kimya mpaka nisikie hatua zake zimefika uani. Afadhali angenitukana.

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na sijampoteza mrushaji mwingine. Kwa hiyo yale mnayoniuliza nayajua, ila mjue nimeyajulia wapi. Mtoto usimuulize kama anaumwa, maana atakwambia yuko sawa. Mpe kazi ya kuanika nguo kwenye kamba ya juu, halafu simama mbali uangalie. Mwangalie anavyochana nywele. Mwangalie akivua sweta. Asubuhi ya kwanza baada ya mazoezi mwambie aandike tarehe juu kabisa ya ubao, na ukiona amepanda juu ya kiti ilhali juzi hakupanda, mpumzishe hapo hapo.

Na kupumzika si kukaa. Wasichana wangu nikishafunga msimu nilikuwa nawakimbiza kwenye vilima, nawachezesha kati, nawafundisha kudaka na kukimbia besi, mpaka wananichukia. Mpira wa kurusha nilikuwa nautia kwenye debe na kufuli. Kisha nilienda nyumbani kwa kila mmoja. Nilikunywa chai, nikaona kisima kiko wapi, ng'ombe ni wangapi, nani anapasua kuni. Mama mmoja aliniambia nimekuja kumfanya binti yake mvivu. Nikamwambia hapana, mama, akamue tu, ila debe la maji abebe mwingine kwa miezi hii. Alinitazama kama kichaa, lakini debe lilipata mbebaji mwingine.

Mwaka wa kumi na mbili tangu ile mechi ya Kedowa niliomba uhamisho nirudi Kisii. Nilikuwa nimeoa tena, nilikuwa na watoto, niliweza kupita mbele ya lile kaburi nikasimama kidogo nikaendelea. Kabla ya kuondoka nilijiambia siwezi kwenda bila kumwona Chelangat. Alikuwa ameolewa upande wa Mulot, kule kwenye ngano na ng'ombe, njia ya Narok. Ndani ya basi nilipanga maneno yangu tangu Bomet mpaka niliposhuka.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Alinitambua mbali, akainuka, akanisalimu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiushikilia chini ya kiwiko. Binti yake wa miaka saba hivi akaniletea kiti. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za watu wote, na mimi nikiyazungukazunguka maneno yangu. Mwisho nikamwambia. Nilimwambia Misi Doroti alikuwa ameniandikia, na nilisoma, na nilimrushisha mpira likizo nzima hata hivyo, kwa sababu nilikuwa siwezi kukaa peke yangu katika ile nyumba ya shule. Nikasema mkono ule ni mimi.

Aliyarudia mahindi yake, akaendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo.

"Hata mimi nilijua, Mwalimu," akasema. "Ulianza kuuma kabla ya Krismasi."

"Sasa mbona hukusema? Nilikuuliza."

"Mama ndiye alinituma. Alisema mwalimu amefiwa, na likizo hii yule Misi pia ameenda, hana mtu. Kwetu mtu wa namna hiyo hupelekewa mtoto wa kukaa naye. Mimi ndiye nilipelekwa. Ningesema mkono unauma, wewe ungenirudisha nyumbani, kisha ungebaki na nani?"

Hata kwetu Kisii tunafanya hivyo. Nyanya yangu alipofiwa, mimi mwenyewe nilipelekwa kulala kwake mwaka mzima. Nilikuwa naijua hiyo desturi tangu utoto wangu, na mtoto alipovuka ua na kibuyu nikaona mrushaji tu. Nililia mbele ya Chelangat, mtu mzima na kofia yangu magotini. Hakunizuia, na hakusema si kitu, kwa maana ilikuwa kitu. Alimimina chai nyingine.

Kwa hiyo nyinyi wenye timu, shule zikifungwa fungeni na stoo, muende kwenu, hata kama kwenu kuna kaburi. Na kama huwezi kwenda, tafuta mtu mzima mwenzako umwambie.

Jua lilipoanza kushuka niliaga. Chelangat akamwita binti yake, akamwambia amsindikize mwalimu mpaka barabarani, asiende peke yake. Mtoto akaja akanishika mkono. Niliuachilia taratibu, nikamwambia abaki na mama yake, mimi njia naijua. Sikuwa naijua. Nilipotea kwenye mashamba ya ngano karibu saa nzima, nikaulizia kwa wachungaji wawili, na nilipofika barabarani basi la mwisho lilikuwa limekwenda.